Sabuni Isiyonukia

3 Machi

Leo Mwatum ameugonga ukuta wa chumba cha uani kwa kidole, kama mtu achaguaye nazi sokoni, kisha akainua uso kutazama boriti. Nami sikuuliza.

Mwatum ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu Masoud. Alikuja kutoka Mgogoni siku ya maziko, mwishoni mwa Januari, na tangu hapo hajaondoka. Kazi yake ni kukaa nami mpaka eda ikatike, maana kizuka, mjane aliye edani, haachwi peke yake. Usiku anatandika godoro mlangoni. Nani aingie au nani atoke, sijui.

Basi mimi ndiye kizuka. Sivuki ua, sivai kipya, sitii hina wala wanja, sigusi manukato, mpaka Juni mosi. Hayo hayanisumbui. Linalonisumbua ni kwamba kaka yangu Nassor, huko Wete, ameshapanga nikitoka eda nihamie kwake nimsaidie mkewe na watoto. Sikuulizwa. Mimi nataka kubaki hapa Kiuyu, katika nyumba hii niliyoishi tangu niolewe. Nimeliandika ili nilione limekaaje.

Nassor anasema, "Utakula nini?" Jibu sinalo.

5 Machi

Mwatum amefuturu, amekunywa uji wote, kisha akasema una pilipili manga nyingi.

9 Machi

Shuka walizolalia wageni wa msiba bado zimejaa kwenye tenga. Sabuni ya unga inakwisha upesi. Nimetazama simuni video ya mwanamke mmoja wa Dar es Salaam anayetengeneza sabuni ya maji nyumbani. Anakoroga kama anasonga ugali wa harusi, na anacheka muda wote. Nimeitazama tena na tena. Mikono yangu haina la kufanya, na hili ni jambo la kufanywa ndani ya ua.

Nimemtuma Mwatum Wete, dukani kwa Hatim, anapouza dawa za sabuni. Amerudi na salfoniki, ambayo ni nyeusi na nzito kama asali iliyoungua, na slesi ya kutoa povu, na magadi soda. Chumvi tunayo. Hatim aliuliza kama anataka na pafyumu na rangi. Mwatum alisema ataniuliza. Nimemwambia rangi sitaki na pafyumu siruhusiwi.

11 Machi

Sabuni ya kwanza imekufa. Nilifuata kila kitu alichofanya yule wa Dar: nikakoroga upande mmoja, nikatia magadi kidogo kidogo, mwisho nikatia chumvi ili iwe nzito. Ilianza kuwa nzito, kisha ghafla ikakatika, ikawa maji matupu. Tumekaa tunaitazama ndoo. Ni Mwatum aliyetambua: yule wa Dar ana maji ya bomba, sisi tumetumia ya kisima chetu, ambayo yana chumvi tangu alipoyaumba Mungu. Nimetia chumvi juu ya chumvi.

"Wifi," akasema, "hii ishakuwa mchuzi, ungelitia changu wawili na ndimu."

Nimecheka. Nilikuwa nimefunga, na kucheka kwenye kiu si raha, lakini nimecheka.

14 Machi

Mvua ya kwanza. Tumetega ndoo, masufuria na beseni chini ya bati. Maji ya mvua hayana chumvi.

15 Machi

Sabuni ya pili imeshika. Imekaa usiku kucha povu likatuama, asubuhi nikaikuta inang'aa, nzito, rangi ya maji ya madafu. Nimefulia shuka mbili. Zimetakata. Hazinukii kitu chochote. Nimezisogeza puani, hakuna kitu, kitambaa tu. Nimependa hivyo.

20 Machi

Sikukuu. Watoto wamekuja na nguo mpya kupeana mikono, wamepewa visheti, wameondoka. Nimevaa kanga ya jana.

26 Machi

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwatum ameitembeza sabuni yangu kijiji kizima, katika chupa za maji za kuokota tulizoziosha, na amerudi nazo karibu zote.

"Wanasemaje?"

"Wasema yatoa taka. Lakini hainukii."

"Si ndiyo sifa yake?"

"Weye wifi!" Akaketi kizingitini akavua viatu. "Bi Asya kanambia, nguo isonukia haijafuliwa, imerowekwa tu."

Siwezi kumlaumu Bi Asya, jirani yetu wa upande wa kibla. Hapa kwetu kanga hutoka kwenye maji ikaingia kwenye udi, toka kwenye udi ikaingia sandukuni na asumini. Mtu akipita unamjua kwa harufu kabla hujamwona. Kumuuzia mwanamke wa Kiuyu sabuni isiyonukia ni kumuuzia chai isiyo sukari.

Mwatum akasema tutie pafyumu, tone tu. Nikamwambia kizuka hashiki manukato, na sabuni siwezi kukoroga bila kuishika. Akasema atatia yeye. Nikasema hapana, ndani ya nyumba yangu mpaka eda iishe. Nimesema "nyumba yangu". Nikamwona ameinamisha uso.

2 Aprili

Nassor amekuja. Ameleta mchele na maneno yale yale. Nilimsikia baadaye nje na Mwatum. Mwatum alikuwa anauliza, "Kwani hakika atakwenda, huyu?" Nassor akasema hakika. Mwatum akauliza tena, "Na nyumba?"

Kikulacho ki nguoni mwako. Sasa najua kwa nini ukuta ulikuwa unagongwa.

3 Aprili

Mvua.

4 Aprili

Mvua. Nguo hazikauki.

7 Aprili

Mvua. Kamba tumeifunga ukumbini, tunapita chini ya nguo mbichi tukiinama kama tunaingia pangoni. Kila kitu kina uvundo. Sabuni yenye manukato huuficha uvundo. Yangu haifichi, inauacha kama ulivyo. Nimeanza kuelewa anachosema Bi Asya.

Nina mafua pia.

12 Aprili

Nimemkumbuka Masoud leo, vibaya sana. Nilikuwa natundika nguo nikagundua kambani hamna shati wala shuka ya kiume, ni kanga zangu na za Mwatum tu. Masoud alikuwa mtu wa maneno machache na mimi pia, ndiyo maana nyumba haikubadilika sana kwa sauti. Lakini kamba imebadilika. Nililia mpaka Mwatum akaja akaninyang'anya beseni akatundika zilizobaki yeye.

16 Aprili

Sabuni imeuzika yote. Yote! Mwatum ametoka asubuhi na kapu limejaa, amerudi adhuhuri na kapu tupu. Namuuliza imekuwaje, anasema, "Watu wamefahamu." Sijawahi kuona watu wa Kiuyu wakifahamu jambo kwa siku moja.

18 Aprili

Tumekoroga tena, ndoo mbili. Mwatum anajaza chupa bandani, mwenyewe, mlango kauegesha. Anasema nisitoke na mafua.

20 Aprili

Leo nitaandika zaidi, maana kuna cha kuandika.

Baada ya alasiri Bi Asya amekuja kunitazama, na wanawake wengine wawili. Wameketi mkekani. Salamu zikaenda vizuri, habari za mvua, habari za karafuu zitakuwaje. Kisha Bi Asya akanikaribia kunipa pole ya mafua, akasimama hapo hapo. Akanusa. Akanusa tena, kwa adabu, kama mtu anayehema.

"Rahma mwanangu," akasema, "asumini hii yatoka wapi?"

Nikasema asumini gani. Mimi puani mwangu hamna njia, nilikuwa sinusi hata samaki. Wale wawili wakatazamana. Mmoja akaushika upindo wa kanga niliyovaa, akaupeleka usoni, akaurudisha gotini kwangu taratibu. Wakakaa dakika chache kwa heshima, hakuna aliyemaliza kahawa, wakaaga.

Kizuka anayenukia ana maana moja tu. Kuna mwanamume anayemnukilia. Nami nilijua neno hilo litafika Wete kabla ya gari la jioni.

Mwatum alikuwa kisimani. Aliporudi nilimsogezea upindo wa kanga usoni. Hakuhitaji kunusa. Akaketi chini.

Ni hivi. Tangu ile siku sabuni ilipouzika yote, alikuwa akitia pafyumu ya asumini chupa kwa chupa kule bandani, aliyoinunua kwa Hatim bila kuniambia. Chupa za kuuza zilitiwa, chupa ya nyumbani haikutiwa. Lakini chupa zote ni zile zile za maji za kuokota, na juzi alifulia kanga zangu kwa chupa siyo. Yeye mwenyewe ameizoea harufu hiyo mkononi, na mimi nina mafua.

Nikamuuliza kama anajua alichonifanyia. Akasema, "Najua." Nikamwambia amenichafua jina kwa sabuni. Akasema tena, "Najua." Nilikuwa na hasira ambayo sikudhani bado ninayo. Nilivua ile kanga nikaitupa mvuani, nikajifunga shuka.

21 Aprili

Hatusemezani. Kanga zote zimefuliwa upya. Amefua yeye.

22 Aprili

Nassor amekuja bila kutuma neno, viatu vina tope mpaka kwenye kifundo. Hakuketi.

"Rahma, n'nayoyasikia Wete ni kweli?"

Nilikuwa nimejiandaa kujibu tangu juzi, lakini nilipomwona kaka yangu anatazama chumba kana kwamba anatafuta alama za mwanamume, nikainama nikaanza kukunja mkeka.

"Leo hii unafunga vitu," akasema. "Eda utaimalizia kwangu. Hapa huna mwangalizi."

Mwatum akatoka jikoni. Alikuwa na unga mikononi. "Kaka Nassor, miye ndo nliyetia."

"Nini?"

"Asumini. Nlitia kwenye sabuni ili iuzike. Yeye kanikataza, na miye nkatia kwa siri. Kanga nkafua kwa ile ile. Yeye hajui, hata pua hana, msikilize anavyohema."

Nassor akasema, "Wewe? Dada wa marehemu mwenyewe?"

"Miye."

"Na hawa watu huko nje?"

"N'takwenda nkawambie."

Na amekwenda. Ametoka vile vile na unga mikononi, katika mvua, kwanza kwa Bi Asya, kisha kisimani, kisha kwa mke wa Shehe Pandu, imamu wa kijiji. Kila mahali amesema maneno yale yale: mimi ndiye niliyetia. Nimeyasikia kwa Bi Asya kwa sababu ni ukuta na ukuta. Bi Asya alimwambia, "Huna haya, wee Mwatum, ndugu yako hata kaburi halijakauka." Sikumsikia akijitetea.

Nassor aliondoka bila mimi. Alisema Juni atakuja na gari.

Mwatum aliporudi alimalizia kukanda unga. Nilitaka kumuuliza kwa nini hasa alitaka sabuni iuzike. Badala yake nilimwambia chapati zimekuwa ngumu. Na kweli zilikuwa ngumu.

25 Aprili

Hakuna anayenunua sabuni, ya kunukia wala isiyonukia. Pafyumu Mwatum ameimwaga chooni. Choo ndicho chenye harufu nzuri kuliko nyumba yote.

30 Aprili

Mungu hufungua milango kwa funguo za ajabu. Leo amekuja Bi Masuma kutoka Wete, mke wa Mzee Yussuf. Simjui. Wanakwenda hija mwezi ujao. Ameketi, ametoa pole ya makiwa, kisha akasema bila kuzunguka:

"Nimesikia kuna kizuka Kiuyu ana sabuni haina harufu kabisa, mpaka wifi yake akaitia asumini kwa siri watu wakagombana. Ni wewe?"

Nikasema ni mimi.

Akaeleza. Kwenye mafunzo ya hija wameambiwa aliyehirimia, yaani aliyekwisha kutia nia ya hija, hagusi manukato, si mwilini si kwenye nguo, na sabuni inayonukia pia ni manukato. Amezunguka maduka yote ya Wete. Kila sabuni ina ua juu yake. Anataka ya kufulia nguo za ihramu na ya kubeba. Mwatum akaleta chupa. Bi Masuma akaifungua, akaiweka puani, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu mpaka tukaingiwa na wasiwasi.

"Hainukii," akasema, kwa furaha kama mwingine angesema inanukia.

Akaomba na za wenzake wa msafara wao. Alipokuwa anatoka alimuuliza Mwatum, "Wewe ndiye yule wa asumini?" Mwatum akaitika. Bi Masuma akasema, "Ungelinyamaza nisingelijua sabuni hii ipo."

5 Mei

Tunakoroga. Maji ya mvua yapo ya kutosha. Chupa za mahujaji Mwatum anazijazia barazani, mlango wazi, kila apitaye amwone.

9 Mei

Shehe Pandu amekuja kuweka sawa mirathi, nami nimekaa nyuma ya pazia. Masoud hakuacha mtoto. Warithi ni mimi, Mwatum, na ndugu yao Haroub aliye Tanga. Haroub amechukua shamba la mikarafuu. Nyumba ni yangu na ya Mwatum, nusu kwa nusu.

Nassor alipiga simu jioni. Amefurahi. Anasema mambo yamekuwa mepesi: nimuuzie Mwatum nusu yangu niende Wete na changu mkononi. Nikamwambia sitaki kuuza. Akasema, "Utaishi nusu nyumba na mwanamke aliyekutia aibu? Yeye mwenyewe hatakubali. Atakubana mpaka utoke." Hilo hasa ndilo ninaloliogopa. Nyumba ya watu wawili huwa ya yule mwenye subira zaidi, na Mwatum ana subira.

11 Mei

Nimemkuta Mwatum chumba cha uani, anapima kwa hatua zake kutoka dirishani mpaka mlangoni. Aliponiona akajifanya anatafuta ufagio. Ufagio alikuwa nao mkononi.

15 Mei

Mahujaji wameondoka. Bi Masuma ametuma salamu na maombi ya dua. Wanawake wengine wa Wete wanauliza sabuni, wasio mahujaji: mmoja ana mtoto mwenye ngozi mbaya, mmoja harufu kali zinamuumiza kichwa. Sikujua kuna watu wengi hivi waliochoka kunukia.

Jibu la "utakula nini" sasa ninalo. Limebaki la "utakaa wapi".

20 Mei

Mvua zimepungua. Nguo zimekauka juani. Nimeziacha mpaka jioni bila sababu.

27 Mei

Sikukuu kubwa. Bi Asya ameleta nyama ya kuchinja na hakunusa kitu. Amenunua chupa moja. Amesema ataitia asumini mwenyewe nyumbani, ni haki yake. Nimesema ni haki yake.

31 Mei

Kesho. Mwatum kutwa nzima hatulii. Anafagia palipofagiwa. Mara mbili amenijia akafungua mdomo, akarudi jikoni. Najiandaa kusikia kwamba anataka kuinunua nusu yangu nitoke. Nimeamua nitasema hapana. Nimeamua pia kwamba nikisema hapana sauti isitetemeke, na hilo sina hakika nalo.

1 Juni

Nimeoga. Mke wa Shehe Pandu amenimwagia maji ya mwisho na kunisomea. Wamenivisha kanga mpya, wakaweka chetezo chini wakanifukiza udi. Ule moshi uliponipanda usoni nikauinamia. Sikujua kwamba nilikuwa nimeukosa kiasi hicho. Wanawake wakapiga vigelegele vya chini chini, vya heshima.

Nassor alikuwa ameshafika na gari. Mkewe ameanza kunifungia sanduku bila kuniuliza nini kiingie. Nikatoka ukumbini kumtafuta Mwatum, ili anipe neno lake mbele ya watu, liishe.

Nikamkuta chumba cha uani, amepiga magoti, anafunga furushi. Si langu. Lake. Godoro alikuwa amelikunja na kulifunga kamba.

"Unakwenda wapi?"

"Mgogoni. Eda imekatika, miye nimemaliza."

"Mgogoni kwa nani?"

Akakaza kamba ya furushi. Nikaketi mlangoni ili asipite. Nilikuwa na kanga mpya na nilinukia udi mpaka unyayoni, na sikujali vumbi.

"Mwatum. Kwa nani?"

"Kwa mwanangu Mwanaisha," akasema. "Jikoni."

Ikatoka kidogo kidogo. Mumewe, Mabruki, alimwacha mwaka jana baada ya msimu wa karafuu, akaoa mwingine katika nyumba ile ile. Mwatum alihamia kwa bintiye, ambako mkwewe hampendi, na analala jikoni kwa kuwa vyumba ni viwili. Masoud alijua. Masoud alikuwa amemwambia aje akae hapa, chumba cha uani, na kwamba atazungumza nami. Kisha akafa, na hakuzungumza. Mume wangu wa maneno machache.

"Na miezi yote hii hukunambia?"

"N'kwambieje? Weye uko msibani, na miye nishakuja kula chakula cha msiba. Mtu wa msiba haombwi. Nkasema nngoje utoke eda. Halafu n'kaharibu na ile asumini, n'kaona sina uso tena."

"Ile asumini uliitia ya nini?"

"Iuzike, ubaki." Akavuta fundo la kamba. "Ukenda kwa Nassor, nyumba itafungwa. Ntakaa na nani miye humu, peke yangu? Nusu yako sina cha kuinunulia. Na nngelikuwa nacho, nsingelinunua. Nlikuwa natazama kama godoro langu litaenea chumbani humu lisikubane, basi."

Akainua uso. Mwanamke mzima, ameninyamazia masika yote, macho yamejaa maji.

"Wifi," akasema, "n'nakuomba. Nikae?"

Nimeona haya, haya ya kweli, ya kuchoma masikio. Nilikuwa nimemngoja anifukuze, naye siku zote alikuwa amengoja nimkaribishe, kwenye nyumba ambayo nusu yake ni yake. Nilimshika mkono nikamwinua. Nilisema ndiyo, nadhani. Nililia mno hata sijui nilisema nini.

Nassor akaita kutoka nje kwamba sanduku limeshaingia garini, jua linakaza. Nikatoka barazani. Nikamwambia alishushe.

"Rahma, tumeshazungumza. Utakaa humu na nani?"

"Na mwenye nyumba mwenzangu," nikasema.

Sauti ilitetemeka. Nyuma yangu Mwatum alikuwa ameshaanza kulifungua godoro.